Ndege wa Arusha na Moshi na misimu yao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wakulima wa tambarare za chini ya Moshi, walimu wanaopeleka wanafunzi Duluti, vijana wanaosomea uongozaji watalii, na majirani ambao siku moja waliinua macho wakakuta anga imejaa mabawa. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia. Miezi tunayoitaja ni ya kukadiria, maana ndege hafuati kalenda ya ukutani, anafuata mvua, na mvua zetu mnazijua.

## Mambo ya mwanzo

1. Ndege wengi tunaowaona ni wa hapa hapa au ni wageni?

Wengi ni wa hapa hapa. Tanzania imeorodhesha aina zaidi ya 1,100 za ndege, na sehemu kubwa yao huzaliwa, huishi na kufa ndani ya Afrika. Shorewanda anayekula mapapai yako, njiwa, kunguru mwenye kifua cheupe, chozi anayening'inia kwenye maua ya uani: hao hawaendi mbali.

Wanaohama tuwagawe mafungu matatu. Wapo wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi na njaa ya huko. Wapo wanaohama ndani ya Afrika yenyewe wakifuata mvua na wadudu. Na wapo wanaopanda na kushuka mlima tu: baridi ya Juni hadi Agosti ikizidi kwenye misitu ya juu, baadhi yao huteremka hadi kwenye migomba na miti ya vijijini, kisha hurudi joto likirejea. Fungu hili la tatu halizungumzwi sana, ingawa ndilo lililo karibu zaidi nasi. Kuna na fungu la nne, la uongo: ndege ambao hawakwenda popote ila wamebadilisha nguo tu. Hao wana swali lao, la 9.

2. Wageni wa Ulaya na Asia wanafika lini na kuondoka lini?

Wanaotangulia ni vitwitwi wa kandokando ya maji, ambao huanza kuonekana Agosti. Septemba na Oktoba huingia mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya. Novemba na Desemba, vuli ikishashika, wanafuata korongo weupe, kozi, na tai wa nyika za Asia. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuwatazama kwa raha, kwa sababu wengi wameshatulia mahali pamoja. Kuondoka huanza mwishoni mwa Februari, na ifikapo katikati ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, waliobaki ni wachache.

Safari ya kurudi mara nyingi ni ya haraka kuliko ya kuja. Anayewahi kufika kwao ndiye anayepata mahali pazuri pa kiota, basi hakuna anayetaka kuchelewa.

3. Wanasafiri umbali gani, na wanajuaje njia?

Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, na anavuka Sahara. Yupo ndege mwingine mdogo wa kushangaza zaidi, yule mwenye kiuno cheupe anayerukaruka juu ya mawe na vichuguu katika tambarare kavu kuanzia Oktoba. Vifaa vidogo vilivyofungwa kwa wenzake wanaozaliana Alaska vilionyesha kwamba huja Afrika Mashariki, takriban kilomita 14,500 kwa njia moja. Ndege huyo ana gramu 25 hivi.

Njia wanaijua kwa jua, kwa nyota na kwa kuhisi usumaku wa dunia. Wadogo wengi husafiri usiku, ndiyo maana unalala bustani ikiwa tupu na kuamka ikiwa na wageni. Korongo na tai husafiri mchana: hupanda juu kwa hewa ya moto inayopaa kutoka ardhini, kisha huteleza mbele bila kupiga mabawa. Hewa hiyo haipatikani katikati ya bahari, kwa hiyo huizunguka Mediterania kupitia Uturuki na Sinai, halafu hushuka na bonde la Nile hadi kwetu.

4. Kama huku kuna chakula, kwa nini hawazaliani huku huku?

Kwa sababu kulea makinda ni kazi ya kutwa, na mchana wa kwetu ni wa saa kumi na mbili tu, iwe kiangazi iwe masika. Kaskazini ya Ulaya mwezi Juni mchana ni wa saa kumi na sita na zaidi, wadudu wamefurika, na wenyeji wa kugombania nao ni wachache kuliko huku. Mzazi anayewinda kwa saa nyingi zaidi kila siku hulea makinda wengi zaidi.

Ichukue kama kanuni ya nyumbani: ukimkuta ndege anajenga na kutotoa Arusha au Moshi, basi karibu hakika si mgeni wa Ulaya.

## Ndege wa mjini na mashambani

5. Mbayuwayu waliojenga kiota cha udongo chini ya dari yangu wametoka Ulaya?

Hapana, kwa kanuni ya swali la 4. Tuna mbayuwayu kadhaa wakazi. Yule mwenye kofia ya rangi ya kutu, tumbo jeupe pe na nyuzi mbili nyembamba mkiani ni wa hapa, na hupenda madaraja na mifereji. Mgeni wa Ulaya ana koo la rangi ya kutu na mkanda wa buluu iliyokolea chini ya koo hilo, na hupenda kujipanga na wenzake kwenye nyaya za umeme, hasa Machi wanapokaribia kuondoka. Wale weusi wenye kiuno cheupe, wanaozunguka maghorofa ya mjini kwa vikelele vyembamba, si mbayuwayu kabisa. Ni teleka, nao wapo mwaka mzima.

Kiota usikibomoe. Kama tatizo ni uchafu, pigilia kipande cha ubao chini yake na mambo yameisha.

6. Korongo wanaotua mashambani Januari ni wale wale wa jalalani?

Wa jalalani ni korongo mfukoshingo, wengi humwita marabu: kichwa kipara, mfuko wa ngozi shingoni, haogopi mtu, na haondoki.

Wa shambani ni wa aina mbili. Korongo mweupe, mwenye nusu ya bawa nyeusi na mdomo na miguu myekundu, anatoka Ulaya. Mwenzake ni mdogo zaidi, mweusi mwenye tumbo jeupe na ngozi ya buluu usoni. Huyo huzaliana katika ukanda ulio kusini mwa Sahara wakati wa mvua za huko, katikati ya mwaka, kisha hutushukia vuli inapoanza. Mara nyingi utawakuta wamechanganyika, kwenye tambarare za Sanya, upande wa Monduli na mashamba ya West Kilimanjaro.

Wanachofuata ni panzi, nzige na viwavijeshi. Mkulima mwenye mahindi machanga akiona kundi la korongo linatembea taratibu shambani kwake, asiwarushie mawe. Aende akafunue majani, kwani huenda viwavi wameshaingia na ndege wamewaona kabla yake. Na kama tayari amepuliza sumu, ajue kwamba korongo watakula wadudu wale wale waliopulizwa.

7. Ni ndege gani wale wanaopiga kelele alfajiri wakipita juu ya nyumba?

Kwarara. Wa rangi ya kijivu-kahawia, mdomo mrefu uliopinda, bawa lenye mng'ao wa kijani akigeuka juani. Hulala mitini na kutoka kabla hakujapambazuka vizuri, wakijitangaza njia nzima. Mchana utawaona wakidona minyoo kwenye viwanja vya mpira. Ni wakazi, kwa hiyo kelele hizo ni za mwaka mzima.

8. Na wale wakubwa weusi wenye mdomo kama pembe, ambao mabawa yao yanasikika?

Hao ni hondohondo. Moshi huwaona zaidi, Shanty Town, Rau na kupanda juu kuelekea Mweka na Machame, lakini hata Arusha wapo, kwenye miti mikubwa iliyobaki. Sauti ile ya kuvuma si ya koo, ni hewa inayopita kati ya manyoya ya bawa.

Hawahami kwa misimu, wanafuata matunda. Mkuyu ukiiva mtaani kwenu mtakuwa nao kwa wiki kadhaa, ukiisha wanahamia kwingine, na watu huja kutuuliza kama wamepigwa. Wakati wa kuzaa, jike huingia kwenye tundu la mti mrefu, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka kubaki ufa mwembamba. Hukaa humo zaidi ya miezi mitatu, dume akimlisha kwa kumpitishia tunda moja moja kwenye ufa huo. Ukikata mti wa aina hiyo, usidhani umekata mti mtupu kwa sababu hukuona ndege akiingia wala kutoka.

9. Vindege vya manjano hujaa kwenye mti wangu wakati wa mvua, halafu vinatoweka. Vinakwenda wapi?

Haviendi kokote, na hili ndilo swali tunalopenda kulijibu kuliko yote. Hao ni kwera, wengine huwaita minana. Dume huwa wa manjano wakati wa kuzaa tu. Mvua zikipita hubadilisha manyoya, akawa wa kahawia na michirizi kama jike, akajiunga na makundi ya vindege vingine vya kahawia wanaokula mbegu kwenye majani makavu. Umemwona kiangazi chote. Hukumtambua.

Wapo wengine wenye tabia hiyo. Kweche, yule mwekundu na mweusi anayepepea juu ya mpunga na matete, huwa wa kahawia nusu ya mwaka. Fumbwe mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake huuangusha msimu ukiisha. Upande wa Moshi kuna pia kwera wa Taveta, wa manjano yenye chungwa kidogo kifuani, ambaye makazi yake duniani ni eneo dogo la nyanda zinazozunguka Kilimanjaro, upande wetu na upande wa Kenya.

Ukipata mti wa kwera karibu, simama nusu saa. Dume hutua kwenye ukingo wa jani la mgomba, huuma, huruka na kamba ya kijani ikimfuata nyuma. Huanza na kitanzi kimoja kwenye ncha ya tawi, na akiwa amesimama ndani ya kitanzi hicho hufuma mbele na nyuma hadi apate chumba. Kisha hujining'iniza chini ya mlango akipiga mabawa na kupiga kelele. Jike huja, huingia, huvuta nyuzi kwa mdomo kupima. Mara nyingi huondoka bila kusema neno. Kiota kikikauka na kuwa cha kahawia bila kupata mpangaji, dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine. Majani yote yale yaliyotapakaa chini ya mti ni nyumba zilizokataliwa.

10. Yule ndege wa sauti tatu zinazoshuka ndiye anayeleta mvua?

Haleti mvua, ila wazee hawakukosea kumsikiliza. Ni kekeo mwenye kifua chekundu-kahawia, na huanza kulia mvua zinapokaribia kwa sababu ndipo viwavi anaowala wanapoanza kupatikana, na ndipo kurumbiza anapojenga kiota. Kekeo hajengi. Hutaga yai lake kwenye kiota cha kurumbiza, na kurumbiza hulea kinda ambalo punde litamzidi kimo. Mvua zikiisha kekeo hunyamaza au huondoka, akawa ni wa kusikika mwakani.

11. Siku ya kumbikumbi tuliona vipanga wadogo mamia kwa mamia. Wametoka wapi wote kwa mpigo?

Wengi wa hao ni kozi wa Amur. Huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, hupitia India, huvuka Bahari ya Hindi bila mahali pa kutua, na huingia Afrika Mashariki Novemba na Desemba wakielekea kusini. Wanatembea na mawingu ya mvua, kwa maana mvua huwatoa kumbikumbi ardhini. Kati yao huchanganyika kozi wengine wa Ulaya na Asia.

Siku kama hiyo, ukiwa Boma Ng'ombe au barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA muda mfupi baada ya manyunyu, mtazame mmoja tu usihangaike na kundi. Hukamata kumbikumbi kwa mguu, huinamisha kichwa akiwa angani, huuma na kumla bila kutua, na mbawa nne za kumbikumbi huanguka polepole peke yake. Kesho yake ukirudi hutakuta hata mmoja.

12. Bundi akilia juu ya paa, kuna msiba?

Kuna panya. Bundi wetu ni wakazi wa mwaka mzima, hulia zaidi wanapotafuta wenza au kulinda eneo lao, na paa lako ni mahali pazuri pa kuvizia. Anayehifadhi mahindi ghalani angepaswa kumkaribisha. Tunajua imani hii haiondolewi na aya moja, lakini ndege wengi wanauawa kwa ajili yake, na panya wanashukuru.

## Kwelea kwelea

13. Kwelea kwelea wanatoka wapi, na kwa nini wanafika mpunga unapoanza kukomaa?

Ni ndege wa Afrika, na kwa wingi hakuna ndege wa porini anayemzidi duniani. Chakula chake halisi ni mbegu za nyasi za porini. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zilizolala ardhini huota zote, na ghafla hakuna cha kula. Hapo kundi huhama kwenda mahali ambako mvua ilitangulia na nyasi zimeshazaa upya. Wakipata nyasi nzuri na vichaka vya miiba huzaliana haraka, viota maelfu kwenye kichaka kimoja, na baada ya wiki chache makinda yanajitegemea.

Sasa mpunga wa umwagiliaji, kama ule wa Mabogini na Chekereni, hukomaa kwa ratiba ya mfereji, si ya mvua. Mara nyingi unakuwa na punje laini wakati porini hakuna kitu. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, na kundi la milioni moja ni tani 10. Jioni utawaona wakija kama moshi, wa mbele wanatua na kula, wa nyuma wanawaruka na kutua mbele yao, hivyo kundi zima linabiringika juu ya shamba mpaka mwisho wake.

Kuamia bado kunasaidia kundi likiwa dogo: dungu, kombeo, mikanda ya kanda za kaseti, makopo, na watoto wenye sauti. Waamiaji waanze kabla punje hazijawa na maziwa, kwa sababu kundi lililokwisha kula siku moja linarudi. Kundi likiwa kubwa, toa taarifa mapema kwa ofisa kilimo wa kata, na utaje mahali wanapolala, maana ndege ya kupuliza huenda kwenye malalo jioni, haiji shambani mchana.

14. Waliokufa kwa dawa ya ndege wanaliwa?

Hapana. Dawa inayotumika ni sumu ya mishipa ya fahamu, na haijui tofauti ya kwelea na mtu. Usiokote, usiwape mbwa wala kuku, na weka watoto mbali na eneo hilo. Tai na bundi wanaokula mizoga hiyo hufa pia. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kuweka sumu yako mwenyewe kwenye punje au kwenye maji: utaua njiwa, kanga na pengine ng'ombe wa jirani, na ni kosa. Kwelea walionaswa kwa nyavu, bila dawa, ni habari nyingine, na watu wa Kondoa wanajua kuwapika.

## Maziwa na milima

15. Nilikwenda Momella sikukuta flamingo hata mmoja. Wamehama kwa msimu gani?

Flamingo, au heroe, hawana msimu unaoweza kuandikwa kwenye ubao wa lango. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, yana maji ya magadi, na heroe mdogo, yaani yule wa aina ndogo, hula mwani mdogo mno usioonekana kwa macho unaoota kwenye maji hayo. Mvua kubwa ikiyapunguza makali magadi, mwani hupungua. Kiangazi kirefu kikikausha kingo, mambo hubadilika tena. Wanapoona chakula kimepungua huondoka usiku, wakahamia Manyara, Natron, au maziwa ya Kenya. Hata ndani ya Momella yenyewe wanaweza kuwa ziwa moja na kukosekana lingine, kwa hiyo usikate tamaa mpaka umalize mzunguko. Swali lenye faida ni kumpigia simu mtu aliyekwenda juzi.

Ukikosa heroe, Novemba hadi Machi kuna bata wa kutoka kaskazini, na vitwitwi wanaokimbia kwenye tope.

16. Kwani hawazaliani hapo Momella?

Hapana, heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutegemea Ziwa Natron kwa kuzaliana, na inakadiriwa kuwa robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima wametotolewa hapo. Maji yake ya magadi makali na joto humzuia fisi na mbweha kufika. Hujenga vichuguu vya tope, yai moja juu ya kila kimoja, mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka. Si kila mwaka. Maji yakiwa mengi hufunika viota, yakiwa machache adui hutembea kwa miguu hadi kwenye yai. Ndiyo sababu miradi yoyote ya kuchimba magadi au kuzuia mito inayoingia Natron huleta mjadala mkali, na tunaona mjadala huo ni wa haki: ndege huyu hana ziwa la akiba. Natron imo katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, tangu 2001.

17. Juu ya Kilimanjaro kuna ndege?

Wapo. Kambi ya Horombo, mita 3,720, kunguru mkubwa mwenye kisogo cheupe anajua chakula kinakaa kwenye begi gani. Kwenye milobelia na miti ya ajabu ya juu kuna chozi wa kijani mwenye mkia mrefu na vishungi vyekundu kifuani, ambaye hashuki kuja kwetu hata kwenye baridi. Wapagazi wanawafahamu wote wawili kuliko vitabu.

18. Kuna ndege asiyepatikana kwingine?

Kwera wa Taveta tumeshamtaja swali la 9. Kwa Arusha, anayewaleta watu kutoka mbali ni kipozamataza mdogo wa kahawia anayesimama wima, kwenye nyasi fupi karibu na Engikaret, kaskazini ya Meru. Wataalamu wanabishana kama ni aina kamili au tawi la kipozamataza wa kusini mwa Afrika, lakini kundi lake liko hapo tu. Hahami. Anahitaji nyasi zilizolishwa na mifugo, kwa hiyo mchungaji wa Kimaasai ni mwenzake, na jembe ni adui yake.

## Kutazama

19. Niende wapi bila kutumia fedha nyingi, na saa ngapi?

Kwa Arusha, Ziwa Duluti pale Tengeru: msitu mdogo, njia ya kuzunguka maji, mdiria, mnandi, na furukombe akilia. Kwa Moshi, Msitu wa Rau. Yote mawili ni hifadhi za misitu, utalipa kiingilio, na raia hulipa nafuu. Bwawa la Nyumba ya Mungu ni zuri Desemba hadi Februari kwa ndege wa maji. Ongea na wavuvi kwanza. Bure kabisa ni kando ya mifereji ya mpunga, ukiomba ruhusa kwa mwenye shamba.

Saa ni kumi na mbili na nusu hadi tatu asubuhi. Mchana utaona kunguru.

20. Programu za simu zinafaa?

Merlin ni nzuri kwa picha na orodha, na eBird kwa kuweka kumbukumbu zinazosaidia wengine. Lakini kwa sauti za ndege wa kwetu usiamini kila jina unalopewa. Ikikuambia umemsikia ndege wa Ulaya mwezi Julai, soma swali la 21 kabla ya kushangilia.

## Yasiyo ya kawaida

21. Nimemwona kitwitwi wa Ulaya mwezi Juni. Amepotea?

Huenda hajapotea. Baadhi ya ndege wa mwaka wa kwanza, hasa vitwitwi, hawajakomaa kuzaa, basi hawana sababu ya kugharamia safari. Hubaki huku mpaka mwaka unaofuata. Mwingine ni aliyeumia bawa. Piga picha, andika tarehe na mahali; kumbukumbu za Juni ni adimu kuliko za Januari.

22. Wapo wanaokuja wakati wa baridi yetu, Mei hadi Septemba?

Wapo, kutoka kusini na mashariki. Keremkerem wa Madagaska, wa kijani mwenye kofia ya kahawia, huvuka baharini baada ya kuzaliana kisiwani. Vivyo hivyo kulastara wa Madagaska, ambaye amekuwa adimu sana. Huku hupoteza weupe wake akawa wa kahawia na michirizi, kwa hiyo hufanana na jamaa zake wa hapa. Ukidhani umemwona kwenye mpunga, piga picha nyingi.

23. Nimeokota ndege mwenye pete mguuni. Nifanye nini?

Kama ni mzima, soma au piga picha namba na maandishi yote, kisha mwachie na pete yake. Kama amekufa, usimshike kwa mikono mitupu, tumia mfuko. Peleka taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ambao makao yao yako Arusha, ukitaja siku na mahali. Pete au kifaa kidogo mgongoni si uchawi wala si upelelezi, na hakuna anayekuja kumkamata aliyetoa taarifa.

24. Naruhusiwa kumfuga korongo taji, au kuuza ndege wa porini?

Si bila kibali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ndege wa porini ni wanyamapori, na kuwinda, kumiliki au kuuza kunahitaji leseni. Hii inagusa pia kanga na kwale wanaouzwa barabarani. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Korongo taji mwenyewe amehesabiwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2012, na moja ya sababu ni makinda kuchukuliwa kwenye vinamasi ili yapambe nyua za watu. Ukimkuta kinda peke yake kwenye majani, wazazi wako karibu wakingoja uondoke.

25. Mwaka huu wageni wamechelewa, au wamekuja wachache. Kuna nini?

Pengine hakuna kitu huku. Vuli ikichelewa, korongo na kozi hubaki kaskazini zaidi, Kenya au Ethiopia, hadi mawingu yasogee. Wakati mwingine hupita juu ya Longido bila kutua kwetu kabisa. Mwaka wa ukame katika ukanda wa Sahel, kusini mwa Sahara, huua wengi njiani, na wengine hupigwa risasi au kunaswa kuizunguka Mediterania. Kujua ni lipi kati ya hayo kunahitaji kumbukumbu za miaka, kwa hiyo kama una daftari la shule au kalenda ya ukutani, andika tu: mbayuwayu wa kwanza, tarehe gani, mtaa gani, na kama mvua ilikuwa imeshanyesha.